Habari za Pasi: Jinsi Tulivyojifunza Kunyosha Nguo Kihurio

Mara nyingi waalimu wakiandika historia huandika habari za watawala, na vita, na safari za mbali. Habari hizo ni njema, nasi yatupasa kuzijua. Lakini kuna historia nyingine iliyo karibu nasi kuliko hizo. Hukaa nyumbani juu ya sanduku au hutundikwa msumarini, wala hapana aulizaye imetoka wapi. Katika makala hii twataka kueleza habari za pasi, chombo cha kunyoshea nguo, na za ndugu yake mdogo aliyefika karibuni, yaani pasi ya mvuke ishikwayo kwa mkono mmoja. Tena mwishoni twataka kukiri kosa letu moja sisi waalimu, maana historia isiyomrudi aiandikaye ni ngano tu ya kupitishia jioni.

Kihurio iko chini ya milima ya Upare wa Kusini, upande wa mashariki, katika wilaya ya Same. Ni nchi ya joto, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Wengi wetu hapa ni Waadventista wa Sabato, na Sabato huanza Ijumaa jua linapokuchwa. Kwa hiyo mgeni akipita kijijini Ijumaa alasiri ataona kazi moja katika nyua nyingi: huyu anachochea mkaa, yule ananyunyiza maji juu ya shati, na mama anaitazama milima aone jua limesalia kiasi gani. Kama vile Waisraeli jangwani walivyookota mana ya siku mbili katika siku ya sita, ndivyo na sisi tunyoshavyo nguo siku ya sita, ili siku ya saba mikono ipumzike. Pengine kwingine pasi ni chombo cha siku zote. Kwetu ni chombo cha Ijumaa.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Wazee wetu walivaa ngozi za mbuzi na za ng'ombe. Ngozi haipigwi pasi: ilikwanguliwa, ikapakwa mafuta, ikasuguliwa kwa mikono mpaka ikawa laini na kumfuata mvaaji. Wala tusidhani kwamba hawakuwa na pasi kwa sababu hawakujua chuma. Kinyume chake, Wapare walikuwa mabingwa wa chuma. Katika Ugweno, upande wa kaskazini, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Waliyeyusha chuma wakafua majembe, mikuki na visu, hata Wachaga walinunua chuma kwao. Basi chuma kilikuwapo, na moto ulikuwapo, na mikono ya ustadi ilikuwapo. Kilichokosekana ni nguo ya pamba.

Nguo hiyo ilikuja kwa njia ya misafara. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alifanya mapatano ya biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja. Baada ya hapo merikebu nyingi za bandari ya Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu, chenye kudumu. Watu wakakiita merikani kwa sababu ya nchi kilikotoka, na jina hilo likabaki hata baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, vya mwaka 1861 mpaka 1865, vilivyoipunguza biashara ile, vitambaa vya Bombay vikachukua nafasi. Misafara iliyotoka pwani kwenda Kilimanjaro ilipita chini ya milima yetu, ikapumzika Gonja na Kisiwani, ikanunua chakula kwa nguo. Ndivyo merikani na kaniki zilivyoingia katika nyumba za Wapare, mkono baada ya mkono. Nguo zile zilifungwa kiunoni au begani, wala hapana aliyejali kunyanzi lake.

Neno lenyewe, pasi, ni la wageni. Baadhi ya wataalamu wa lugha hulihesabu pamoja na maneno tuliyoachiwa na Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498, wakatawala Mombasa mpaka Ngome ya Yesu ilipotekwa mwaka 1698. Katika lugha yao kunyosha nguo ni kupitisha chuma juu yake. Wareno walituachia pia meza, leso na bendera; hata jirani zetu wa kijiji cha Bendera hutaja neno la Kireno kila wanapotaja kwao. Na neno dobi, yaani mtu afuaye na kunyosha nguo kwa ujira, limetoka Bara Hindi. Hivyo chombo kimoja cha nyumbani kina maneno ya watu wa mbali, nasi twayatamka kana kwamba yalizaliwa milimani.

Mwaka 1903 wamisionari wawili wa Kiadventista kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare, wakaanza kazi Giti, wakapaita mahali pale Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Baadaye vituo vingine vilifunguliwa, na Kihurio ilikuwa mojawapo, kabla ya vita vya mwaka 1914. Pamoja na kitabu na kalamu vilikuja sindano, shati, gauni na kanzu ya mwanafunzi. Nguo iliyoshonwa si kama nguo ya kujifunga. Ina kola, ina mikono, ina mishono. Ikikauka juani hujikunja kila pembe. Ndipo haja ya pasi ilipoanza. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikapita upande wa pili wa milima yetu. Ikazipunguza safari za misafara upande huu, lakini ikaleta bidhaa nyingi zaidi madukani, na miongoni mwa bidhaa hizo za chuma ilikuwapo pasi ya mkaa.

Vijana wa leo wameanza kuisahau pasi hiyo, kwa hiyo twaieleza. Ni sanduku dogo la chuma, tako lake limechongoka mbele kama mtumbwi, lina kifuniko chenye bawaba, na mpini wa mti ili mkono usiungue. Ubavuni mna matundu ya kupitisha hewa, na mbele kuna kitasa ambacho mara nyingi kimefanywa kwa mfano wa jogoo. Hutiwa mkaa uliokolea vizuri, usio na moshi. Kisha mwenye kazi huipunga huku na huku ili hewa iuamshe moto. Kabla ya kuigusisha nguo huipangusa tako lake kwa kitambaa chenye maji, na wengine kwa jani bichi la mgomba. Joto lake hupimwa kwa tone la maji: likikaa kimya, bado, likilia na kuruka, tayari. Kashata moja ya moto ikidondoka kutoka katika tundu, shati la harusi limekwisha. Hivyo pasi ya mkaa ilifundisha uangalifu na saburi kuliko hotuba nyingi.

Wengine waliongeza wanga. Muhogo hukunwa, ukakamuliwa majini, na unga mweupe unaotuama chini ukapikwa uwe uji mwepesi sana. Nguo ikichovywa humo, ikikauka kiasi na kunyoshwa, husimama kama karatasi mpya. Kaptura za kaki za askari na za waalimu wa zamani zilisimama hivyo, hata watoto wakasema kwamba mwalimu akivua kaptura itamngojea yenyewe.

Twaulize sasa, kwa nini nguo hutii? Uzi wa pamba umefanywa kwa nyuzinyuzi ndogo sana zisizoonekana kwa macho, nazo hushikana kama watu walioshikana mikono. Nguo ikikauka imekunjwa, nyuzi hizo hushikana katika hali ile ya kukunjwa. Maji yakiingia kati yake hulegeza mikono hiyo, na joto huongeza kulegea; kisha uzito wa pasi huzilaza zote upande mmoja, na zikikauka hushikana upya zikiwa zimenyoka. Kwa hiyo kazi hii ina watumishi watatu: maji, joto na mkono. Hapa methali ya wazee ni ya kweli kabisa: samaki mkunje angali mbichi, na nguo nayo inyoshe ingali na unyevu. Nguo iliyokauka kabisa ni kaidi.

Tena kunyosha nguo si pambo tu. Katika sehemu nyingi za Afrika yenye joto, Afrika Mashariki ikiwa mojawapo, yuko nzi atagaye mayai mchangani na juu ya nguo zilizoanikwa kivulini au chini, hasa zikiwa na unyevu. Buu lake huingia katika ngozi ya mtu, likafanya jipu lenye tundu, na ndani yake kuna funza hai. Pasi yenye joto, ikipita pande zote mbili na juu ya mishono, huyaua mayai hayo. Mama anyoshaye nepi za mtoto hafanyi maringo, anamlinda mwanawe. Mwenye hekima huanika nguo juani, juu ya kamba, kisha huzinyosha.

Wala tusidhani kwamba mkaa ndani ya chuma ni jambo la Afrika peke yake. Katika picha moja ya kale ya China, ihesabiwayo kuwa kazi ya Mfalme Huizong wa mwanzo wa karne ya 12, wanawake wa jumba la mfalme wananyosha kitambaa cha hariri kwa chombo mfano wa kikaango kilichojaa makaa. Ulaya walitumia vipande vizito vya chuma vilivyopashwa moto juu ya jiko. Ndipo tarehe 6 Juni 1882 Henry W. Seely wa New York alipopewa hati ya uvumbuzi wake wa pasi ya umeme. Mwaka 1926 pasi ya umeme itoayo mvuke ilianza kuuzwa huko huko New York. Safari ya mvuke ilikuwa imeanza.

Kwetu umeme ulichukua muda mrefu zaidi. Maji ya mto Pangani yalianza kuzungusha mitambo ya Hale mwaka 1964, na bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo mitambo yake ni ya megawati 8, lilimalizika mwaka 1965. Lakini nyaya zilipita juu ya mashamba ya watu wengi kwa miaka mingi bila kuteremka katika nyumba zao. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimesimama katika vijiji vingi vya nchi, na pasi ya umeme ikafuata nguzo. Kijana wa leo huchomeka waya, akahesabu mpaka mia, akaanza kazi.

Pasi ya mvuke ya mkono ndiyo mgeni wa mwisho. Inafanana na jagi dogo lenye mdomo mpana wenye matundu. Ndani yake hutiwa maji kiasi cha kikombe kimoja. Umeme huyachemsha, na mvuke hutoka mdomoni kwa nguvu. Nguo haitandikwi mezani, bali hutundikwa. Mkono mmoja huivuta pindo ikazike kidogo, na mwingine hupitisha mvuke polepole kutoka juu kwenda chini, na mikunjo hulegea na kunyoka kwa uzito wa nguo yenyewe. Hapa maji na joto vimebaki, ila uzito wa chuma umeondoka. Kwa sababu hiyo chombo hiki ni chema kwa suti ya sufu, kwa gauni lenye marinda, na kwa vitambaa vya viwandani. Uzi wa poliesta, uliovumbuliwa Uingereza mwaka 1941, huyeyuka kwa pasi kali, na mashati mengi ya mitumba tuvaayo leo yana uzi huo. Wengi wetu tunalo shati lenye alama ya mtumbwi mgongoni. Mvuke hauachi alama hiyo.

Lakini haifai kusifu kitu bila kutaja mpaka wake. Mvuke hauwezi kuishinda kaki nzito, wala khanga iliyokauka kama ubao, wala hauweki mkunjo mmoja ulionyoka wa mbele ya suruali. Hayo bado ni kazi ya chuma. Chombo hiki hula umeme mwingi, kwa kawaida zaidi ya wati 800, wakati taa ndogo za siku hizi hula wati 9 tu. Kwa hiyo sahani ndogo ya jua iliyo juu ya paa iwashayo taa na kuchaji simu haiwezi kukiendesha. Maji yenye chokaa huziba matundu yake. Afadhali maji ya mvua yaliyochujwa. Tena mvuke huunguza kuliko maji ya moto, kwa sababu ukigusa ngozi na kurudi kuwa maji huliacha joto lake lote pale pale. Nguo isinyoshwe ikiwa mwilini mwa mtu, wala mdomo wa chombo usielekezwe kwa mtoto. Hata kwenye kilele cha Shengena, karibu mita 2,460 juu ya bahari, ambako maji huchemka kwa digrii 92 hivi badala ya 100 za pwani, mvuke ungali moto wa kutosha kuvua ngozi. Na anayeendelea na pasi ya mkaa asinyoshe katika chumba kilichofungwa: mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo imewaua watu usingizini.

Sasa twafika kwenye kosa letu. Katika shule moja tuliyofundisha zamani, kila Jumatatu tulikagua wanafunzi mstarini: kucha, nywele, na mashati. Mwenye shati la mikunjo alirudishwa nyumbani akalinyoshe. Tulidhani twafundisha usafi. Palikuwa na binti mmoja, hodari wa hesabu, akaaye kwa bibi yake. Alirudishwa Jumatatu tatu, na kila mara alikosa vipindi vya asubuhi. Jumatatu ya nne hakuja kabisa. Jioni tukaenda kumtafuta, tukamkuta bibi yake uani.

"Shikamoo, bibi," tukasema.

"Marahaba, mwalimu. Karibu uketi."

Tukauliza habari za mjukuu, tukataja shati. Bibi hakukasirika. Akanyosha kidole, akatuonyesha pasi ya mkaa iliyokaa juu ya jiwe, safi, kitasa chake cha jogoo kiking'aa.

"Pasi tunayo, mwalimu, nilipewa siku ya harusi yangu," akasema. "Mkaa ndio haba. Ulikuwa mkaa wa pasi au mkaa wa uji, nami nikachagua uji. Mjukuu amekula. Sasa ameona haya kuja kwako."

Tukanyamaza. Shati lile tuliliona kambani: limefuliwa, jeupe, halina doa hata moja. Lilikuwa na mikunjo tu. Sisi tulikuwa tumeyachanganya mambo mawili, uchafu na umaskini, tukamwadhibu mtoto kwa hili tukidhani ni lile.

Twakumbuka kwamba mtume Yakobo aliwaonya Wakristo wa kwanza juu ya jambo hili hili, wasimpe kiti chema mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri huku wakimsimamisha maskini. Naye mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso, alilifananisha kanisa na bibi arusi asiye na doa wala kunyanzi. Wengi hulisoma neno hilo kama amri ya kupiga pasi. Lakini tazama ni nani anyoshaye pale: si bibi arusi, ni Bwana mwenyewe. Mikunjo haikumzuia kumpenda; alimpenda kwanza, ndipo akaiondoa. Basi mlinzi wa mlango wa kanisa au wa shule asiwe mkali kuliko Bwana arusi.

Tangu jioni ile hatukumrudisha tena mtoto nyumbani kwa ajili ya mikunjo. Tulinunua pasi tukaiweka katika ofisi ya waalimu, na gunia la mkaa kando yake. Mtoto aliyehitaji alifika mapema, akanyosha, akaingia mstarini pamoja na wenziwe. Binti yule alirudi, akamaliza darasa lake. Twashauri kila shule na kila kanisa penye umeme wafanye kama hivyo. Chombo kimoja cha mvuke, kikikaa mahali pa wote Ijumaa mchana, kinaweza kunyosha nguo za nyumba nyingi kabla ya jua kuchwa, wala mama hatalazimika kuchagua kati ya shati na uji.

Hiyo ndiyo historia ya pasi Kihurio. Kutoka ngozi tulifika merikani, kutoka merikani shati, kutoka mkaa umeme, na kutoka chuma mvuke. Vyombo vimebadilika mara nyingi, na huenda wajukuu wetu wataucheka mvuke kama vijana wanavyomcheka jogoo wa pasi ya mkaa. Kazi ni ile ile: kumwandaa mtu asimame kati ya wenziwe bila haya. Chombo kinachomfukuza asije hakijaifanya kazi hiyo, hata kama kimenyosha kila uzi.